Msaada: urani imepanda kwenye tope la bahari kuu, je ni oksijeni ilipungua ama kuna kitu sioni?

chiromo_mawe

Wadau habari za jioni. Niko masters ya jiolojia hapa Nairobi na nimekwama, naombeni ushauri sana sana kwa wale mmewahi kushika tope la bahari kuu. Supavaisa wangu alipata bomba la tope lililochomolewa mbele ya pwani yetu, mahali maji yanapita kina cha mita 2000, akanipa vipande vilivyokatwa kila baada ya sentimita kadhaa pamoja na vipimo vya elementi vya bomba lote. Swali la thesisi ni hili: kwenye kilele cha zama ya mwisho ya barafu, kama miaka 21,000 iliyopita, maji ya chini huku kwetu yalikuwa na oksijeni kidogo kuliko sasa ama la?

Sasa nikichora grafu, manganisi iko juu sana kwenye sentimita za kwanza halafu inaanguka ghafla na haiinuki tena. Chini yake urani inaanza kupanda, ina kilele kimoja kikubwa, na kwa umri niliokadiria (bado hatujapima kaboni 14 ya kujua umri) kilele kinaangukia hapo hapo kwenye barafu. Makala nyingi nimesoma zinasema urani ikipanda oksijeni ilikuwa chini. Mimi naona jibu tayari liko mezani, supavaisa anasema ngoja, lakini yuko fildi na simu haishiki.

Bajeti ni ndogo, naweza kulipia sampuli chache tu kwa maabara ya nje. Niongeze vipimo vya urani ama nipeleke alkenoni (mafuta ya mwani yanayobaki kwenye tope) nipate joto la maji ya juu? Ukweli hilo joto ndilo liko moyoni mwangu kabisa, kwa sababu mvua yetu ya Oktoba hadi Desemba inafuata joto la Bahari ya Hindi, mnakumbuka 2019 upande huu wa bahari ulivyopata joto kuliko upande wa Indonesia tukapata mafuriko na maporomoko kule West Pokot. Nataka kujua bahari hii iliwahi kufanya nini kabla ya vipimajoto kuwepo.

topetope_254

Karibu ndugu. Supavaisa yuko sawa, ngoja. Urani haikai pale ilipoanguka, hiyo ndiyo shida yako yote.

Angalia venye inafanya kazi. Ndani ya maji ya bahari urani imeyeyuka vizuri tu, haina haja ya kushuka. Inaingia kwenye tope polepole kupitia yale maji yaliyo katikati ya chembe, na ikifika kina ambacho bakteria wamemaliza oksijeni ndipo inaganda na kubaki. Kina hicho si juu ya tope, ni sentimita kadhaa chini. Maana yake urani ya leo inajikusanya ndani ya tope la zamani, na kwa bahari kuu ambapo tope linajengeka sentimita mbili tatu kwa miaka 1000, hizo sentimita chache ni maelfu ya miaka. Tena kuna jambo la pili, oksijeni ikirudi baadaye inapenya kutoka juu, inaiyeyusha ile urani iliyoganda na kuisukuma chini zaidi. Kwa hivyo kilele chako kinaweza kuwa kilele cha kweli cha barafu, ama kikawa ni mabaki yaliyosukumwa wakati barafu inaisha, na grafu ya urani peke yake haitakuambia ni gani.

Manganisi nayo ni kinyume. Ikikosa oksijeni inayeyuka, inapanda juu na maji ya tope, ikikutana na oksijeni inaganda tena. Hiyo yako iliyorundikana juu kabisa ni mpaka wa oksijeni wa sasa hivi, wa leo, si historia. Usiipe umri wowote. Hata kukosekana kwake huko chini hakuthibitishi chochote, inawezekana ilikuwepo ikayeyuka baadaye.

Kitu ambacho ningefanya kabla ya kutoa hata shilingi: weka molibdeni kando ya hizo mbili. Molibdeni hupenda kunata kwa oksaidi za manganisi, kwa hivyo ikipanda pamoja na manganisi ni ishara ya oksijeni kuwepo. Ikipanda na urani mahali manganisi haipo, hapo kulikuwa na salfaidi kwenye maji ya tope na oksijeni ilikwisha kabisa. Urani ikipanda na molibdeni imetulia, basi oksijeni ilikwisha ndani ya tope lakini hali haikufika mbali hivyo. Vipimo hivyo unavyo tayari, ni kuchora tu.

bint_wa_kilindini

Naongeza kwa hilo la topetope. Kaka, umegawanya kwa alumini? Kama umechora miligramu kwa kilo tupu basi rudia. Wakati wa barafu usawa wa bahari ulishuka kama mita 120, midomo ya Tana na Sabaki ikasogea karibu na ukingo wa kina, udongo wa bara ukaweza kuingia kwa wingi tofauti na leo. Ni kama uji, ukiongeza maji sukari haijatoka lakini utasema imepungua. Alumini inatoka kwenye udongo wa bara, kwa hivyo gawanya kila elementi kwa alumini halafu linganisha na udongo wa kawaida wa bara, kinachozidi ndicho kilichotoka baharini.

Na hata kilele kikibaki baada ya hapo, bado kuna njia mbili za kukieleza. Oksijeni inaisha kwenye tope kwa sababu maji ya chini yalikuja nayo kidogo, ama kwa sababu chakula kingi kilinyesha kutoka juu bakteria wakaila yote. Urani inafanana kwa zote mbili. Pima kaboni hai (ile ya mabaki ya viumbe) kwenye hivyo vipande, ni bei rahisi, na uangalie elementi ya bari inayozidi ile ya udongo, kwa sababu baraiti, madini ya bari na salfeti, hujengeka mahali mabaki ya viumbe yanaposhuka kwa wingi. Lakini kuwa makini, salfeti ikiisha kwenye tope baraiti nayo huyeyuka.

mgeni_mgeni

Samahani kuuliza, mimi ni mtu wa takwimu tu. Si mchukue data iliyopo mtandaoni mfanye modeli badala ya kuchafua mikono?

topetope_254

Data ya wenzetu ipo na ni ya bure, PANGAEA (hifadhi ya data mtandaoni) imejaa, aichukue kulinganisha. Lakini modeli haijui kama urani ilihama. Lazima mtu aangalie tope lenyewe.

mzee_wa_hadubini

Vijana wangu, mmeongea vizuri lakini mbona hamna mtu ametaja forami, vile vijidudu vya baharini vyenye viganda? Hivyo viganda vidogo vya chokaa ndivyo vilivyojenga fani hii. Mwaka 1955 Cesare Emiliani alisoma isotopu za oksijeni (oksijeni nyepesi na nzito) kwenye viganda hivyo akaona mabadiliko makubwa, akayahesabu zaidi kama joto la maji. Mwaka 1967 Nicholas Shackleton akaonyesha kwamba sehemu kubwa ilikuwa barafu ya nchi kavu: barafu huchukua oksijeni nyepesi, bahari inabaki na nzito. Bahari nzima ilibadilika karibu sehemu moja kwa elfu kwa sababu ya barafu tu, na digrii moja ya joto hubadilisha kama 0.22 ya sehemu hiyo. Ukisahau barafu utajikuta umebuni baridi ya digrii nne ambayo haikuwepo. Mwanangu, urani yako iko kwa hali hiyo hiyo, ishara moja, sababu mbili. Kila kipimo kwenye kazi hii kinahitaji shahidi wa pili asiyekosea kwa njia ile ile.

Shahidi wako yuko kwenye ungo. Osha tope, chuja, keti kwa hadubini. Aina inayoitwa Cibicidoides wuellerstorfi huishi juu ya tope, anaonja maji ya chini yenyewe. Globobulimina huishi ndani, karibu na pale oksijeni inapoisha. Tofauti ya isotopu za kaboni kati ya hao wawili hupungua oksijeni ya maji ya chini inapopungua, kwa sababu ni oksijeni hiyo inayoamua ni mabaki kiasi gani yataoza njiani kabla ya kumfikia yule wa ndani. Na viganda havihami kama metali. Kama Globobulimina hawapo kwenye tope lako, hesabu tu aina zilizopo, hiyo nayo ni habari. Hii kazi inataka macho na subira, pesa kidogo sana.

chiromo_mawe

Asanteni sana, nimeshinda nikichora upya. Baada ya kugawanya kwa alumini kilele cha urani kimepungua lakini kipo, na molibdeni haijatikisika kabisa hapo. Mzee nashukuru kwa hilo la Globobulimina, nitaanza kuosha. Na joto je? Alkenoni niache?

ngong_rd_kemia

Alkenoni acha, kwa pwani yetu. Ile hesabu inafika mwisho kwa digrii 28 hivi, juu ya hapo haikuonyeshi tofauti, na maji ya Lamu hadi Mombasa mwezi wa tatu na wa nne yanapita hapo. Utapata mstari uliolala juu na hutajua kama bahari ilitulia ama kipimo kiligonga dari. Magnesiamu kwa kalsiamu kwenye Globigerinoides ruber mweupe (forami anayeishi maji ya juu) ndiyo njia yako, kwa sababu inapanda karibu asilimia 9 kwa kila digrii, kwa hivyo kwenye maji ya joto ndiyo inaonekana vizuri zaidi. Chagua viganda vya ukubwa mmoja, wengi hutumia maikroni 250 hadi 355. Usafi ndio kila kitu: ponda taratibu, osha udongo kwa maji na methanoli mpaka maji yabaki maangavu, halafu peroksaidi ya kuondoa mabaki ya viumbe. Waambie maabara wakupimie alumini, chuma na manganisi kwenye hizo hizo sampuli, kwa sababu udongo una magnesiamu nyingi na ukoko wa manganisi pia, ukiona vinapanda pamoja hiyo sampuli weka kando. Chumvi ya maji nayo inaigusa kidogo. Pia kwa kina cha mita 2000 na zaidi viganda huanza kuliwa na maji, na vinavyoanza kwenda ni vile vyenye magnesiamu nyingi, utasoma baridi ya uongo. Hesabu vipande vilivyovunjika ujue hali.

Faida nyingine, kwenye ruber hao hao ukipima isotopu za oksijeni utatoa sehemu ya joto, utoe ya barafu, kinachobaki kinakuambia kuhusu chumvi ya maji. Hapo ndipo unaanza kusogelea mvua unayoitafuta.

bint_wa_kilindini

Ukikosa tope la kutosha, kuna mabomba ya zamani. Meli ya Glomar Challenger, ya mradi wa kuchimba sakafu ya bahari, ilichimba mashariki ya Kenya kwenye bonde la Somalia mwaka 1972, saiti 241, maji yanapita mita 4000. Mabomba ya miradi hiyo ya Bahari ya Hindi yanahifadhiwa Kochi, Japani, na mwanafunzi anaweza kuomba sampuli bila kulipia tope lenyewe. Shida ni kina, huko chokaa imeliwa zaidi, kwa joto si pazuri.

chiromo_mawe

Basi mpango wangu: kuosha na kuhesabu kwanza, kaboni hai kwa vipande vyote, pesa ya maabara iende kwa ruber. Urani naiandika kama swali. Nitume sampuli ngapi za kaboni 14?

topetope_254

Hata ukipata chache, usizisambaze sawasawa bomba lote. Weka moja juu kabisa, moja juu kidogo ya kilele cha urani, moja chini yake, hizo ndizo zitakuambia kama kilele kinaendana na barafu ama kimeteleza. Tumia viganda vya ruber, si tope zima, na usisahau maji ya juu ya bahari yenyewe yana umri wa miaka mia kadhaa wa kutoa. Minyoo huchanganya kama sentimita kumi za juu, kwa tope la sentimita mbili kwa miaka 1000 hiyo ni miaka 5000 imevurugwa pamoja, kwa hivyo usiandike chochote kinachodai karne. Na kabla hujaosha kipande chochote gawanya kwanza, nusu ikae kwenye friji na lebo ya kina, kwa sababu supavaisa akirudi lazima ataitaka.