Ndege ya mfano yenye bawa dogo mbele inapinduka, kosa liko wapi?

Kijana wa Uyole
Wakuu, naunda ndege ya kurusha kwa mkono kwa kuiga Flyer, ndege ya akina Wright ya 1903, ila bawa kubwa ni moja tu. Bawa kubwa ni sentimita 60 kwa 10, dogo la mbele 24 kwa 5, na kingo zao za mbele zimeachana sentimita 29. Foamu na uti wa mwanzi. Ncha za bawa kubwa nimezishusha kama zao. Inalingana kidoleni sentimita 1 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa kubwa. Nikirusha inanyanyua pua na kupinduka kinyumenyume. Ni hewa nyepesi ya Mbeya?

Mwanjelwa
Kwenye mita 1,700 juu ya bahari hewa imepungua kama asilimia 15. Rusha kwa nguvu zaidi.

Gangilonga
Hapana mkuu, ataivunja. Upungufu huo unadai mwendo zaidi kwa asilimia 8 tu, na hauhamishi mizania, yaani pale inapolingana, hata kidogo.

Kosa ni kuiga Flyer yenyewe. Uzito wake ulikaa nyuma mno, na rubani aliizuia kwa usukani wa mbele muda wote. Yako haina rubani.

Piga hesabu: eneo la bawa dogo 120, jumla ya mabawa yote 720, yaani moja ya sita. Zidisha kwa sentimita 30 kati ya robo za mabawa (robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele), unapata 5 mbele ya robo ya bawa kubwa, sawa na 2.5 mbele ya ukingo wake wa mbele. Hapo ndipo nguvu za mabawa yote mawili zinapokutana, na uzito ukae mbele zaidi ya hapo. Anza na sentimita 5 mbele ya ukingo huo. Funga misumari puani kwa solotepu.

Bawa dogo sasa litabeba robo ya uzito, kwa hiyo inua ukingo wake wa mbele milimita 2.5. Lazima lichoke, yaani lipoteze nguvu ya kunyanyua, kabla ya kubwa, ndipo pua ishuke yenyewe. Ikiyumba juu na chini, punguza nusu milimita. Ikichimba, ongeza nusu; usirudishe uzito nyuma.

Ncha zipandishe sentimita 3 kila upande. Zilizoshuka zinahitaji mtu wa kusahihisha.

Kijana wa Uyole
Pezi niweke wapi?

Gangilonga
Mawili, kwenye ncha za bawa kubwa, yakitokeza nyuma. Mbele ya mizania yataigeuza ndege. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Supaglu inayeyusha foamu.