Tupeane uzoefu: Babu mhamiaji mwenye jina kubwa, ulipomfuatilia ulimkuta nani?

Mabondo Kirumba

Wakuu, salaam kutoka Mwanza. Leo nina jambo la ukoo, waliolipitia waje tusaidiane.

Kwetu Mirongo tumekua tukiambiwa sisi ni Waturuki. Rangi yangu mimi ni ya sufuria la shughuli, kwa nje, lakini Mturuki. Sababu ni moja: baba yake babu aliitwa Efendi Pasha. Jina hilo limetuozea dada zetu, limetusimamia kwenye kesi ya kiwanja, na baba mdogo aliwahi kulichapisha kwenye kadi za harusi, "Ukoo wa Pasha", kwa herufi za dhahabu. Na kila Idi shangazi hutupikia "mkate wa Kituruki". Ni mwembamba kama karatasi, uji wake umelala ukachachuka, anautandaza juu ya chuma cha moto kwa kipande cha ukuti. Ukila na mchuzi wa bamia unasahau madeni.

Nilianza kumtafuta miaka sita iliyopita, na nilianza kwa jina. Hapo ndipo nilipopotea. Binamu yangu anafuata nguo Istanbul, nikampa kazi ya kuulizia ukoo wa Pasha. Akarudi anacheka. Wenyewe walimwambia pasha ni cheo cha majenerali na magavana, na efendi ni neno la kumheshimu mtu, kama sisi tunavyosema bwana. Waturuki walilazimishwa kuchukua majina ya ukoo kwa sheria ya mwaka 1934, na mwaka huohuo vyeo vya pasha, bey na efendi vikafutwa. Kwa hiyo babu yetu alikuwa anaitwa "Bwana Jenerali". Miaka yote tumekuwa tunaapia saluti.

Nikaacha. Kisha jibu likanifuata lenyewe. Nilipeleka mzigo wa mabondo, yaani vibofu vya samaki, Kampala, mshirika wangu akapata msiba kwao Bombo, nikaenda naye kuzika. Jioni kikaletwa chakula: mkate wa shangazi! Uleule, na bamia yake. Nauliza, naambiwa ni kisra, chakula cha Wanubi, wazee wao walikuja nacho kutoka Sudani. Na hao wazee walikuwa askari wa nani? Wa Emin Pasha. Tonge likanikwama.

Maana Emin Pasha ndiye aliyejenga boma la Bukoba kwa niaba ya Wajerumani mwaka 1890, na kwetu hata mtoto anajua babu alitokea Bukoba ndipo akaja Mwanza. Jeshi lile la Wajerumani lilianzishwa mwaka 1889, na askari wake wengi wa mwanzo walikuwa Wasudani waliochukuliwa Misri. Wakaja na vyeo vya kule: ombasha, shaushi, sol, na cha juu kabisa ambacho mtu mweusi angeweza kufika, effendi. Ndiyo "afande" yetu ya leo.

Nikamrudia shangazi, akakubali kufungua sanduku lake la bati. Mlikuwa na karatasi ya Kijerumani, mchwa wamekula pembe mbili. Mwalimu mmoja mstaafu aliyesoma huko alinisomea: cheo Effendi, mshahara kwa rupia, na jina moja tu, la kawaida, ambalo silitaji hapa kwa sababu shangazi hajaridhia. Pasha haimo popote. Dhana yangu ni kwamba watu walimwita "Efendi wa Pasha", yaani aliyekuja na watu wa Pasha, ile "wa" ikaanguka njiani.

Halafu kinachochekesha zaidi, huyo Emin Pasha mwenyewe hakuwa Mturuki. Alikuwa daktari, Eduard Schnitzer, mzaliwa wa Oppeln huko Silesia mwaka 1840. Jina la Emin alijipa mwenyewe, upasha akapewa na Misri. Babu yangu alibeba jina la mtu ambaye naye alilibeba.

Nimefikia hapo. Nyie wenzangu mlifikia wapi?

Sato Mkavu

Afande, zile kadi za harusi zilizobaki mtazifanyia nini? Nauliza tu.

Bint Kayenze

Mkuu umenigusa. Mimi ni upande wa mama. Baba yake bibi alikuwa "bin Sultani", na nyuma ya hapo jina la kabila kubwa la Kiomani. Unaona picha: sisi tulijihesabu watoto wa Sayyid Said, maana naye alikuwa bin Sultan. Kayenze kwetu hadithi hiyo inakaa vizuri, pwani ile ilikuwa na Waarabu wa misafara tangu zamani. Stanley alipofika ziwani Februari 1875 alifikia jirani na hapo hapo, Kageyi, akawakuta.

Nikaenda Tabora kwa mzee mmoja mwenye nasaba zilizoandikwa. Alinipokea vizuri, kahawa na halua. Akanisomea kwa saa nzima, akafunga daftari, akasema, "Mwanangu, huyu wako hayumo." Kisha akaniuliza kwa upole kama nyumbani tuna karatasi yoyote ya boma. Nilidhani anazungumzia hati ya shamba.

Ilikuwepo, kwa mjomba, ndani ya msahafu. Ni hati ya uhuru. Baba yake bibi alikuwa mtumwa, akafunguliwa kwenye boma la Wajerumani. Sultani si baba yake, ni aliyekuwa anammiliki. Na lile jina la kabila la Kiomani ni la bwana wake, maana aliyeachwa huru aliendelea kuhesabiwa chini ya nyumba ya aliyemwacha. Hati hizi Wajerumani walizitoa kwa maelfu, lakini utumwa wenyewe hawakuufuta. Walichosema ni kwamba watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Uliofuta kabisa ni utawala wa Waingereza, mwaka 1922. Bibi yangu alikuwa ameshazaliwa.

Mama nilipomwambia alinyanyuka akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu, tunachambua dagaa, akauliza bila kunitazama: "Sasa alitoka wapi?"

Hati inasema "Manyema". Nayo ni kama kusema "bara": waliotoka mashariki ya Kongo karibu wote waliitwa hivyo, wa makabila mbalimbali. Kwa hiyo jina la bwana wake ninalo kamili hadi babu yake wa tatu, la kijiji cha babu yangu sina. Mwenye njia anisaidie.

Mabondo Kirumba

Dada yangu, pole na hongera kwa pamoja. Mama anaendeleaje?

Bint Kayenze

Anaendelea. Sasa kila anayepita anamwambia sisi ni Wamanyema, kama vile amekuwa akilijua siku zote.

Kanzu ya Fundi

Mimi Mgoa wa hapahapa mjini, nimezaliwa Bugando. Jina letu ni de Souza, na marehemu babu aliapa tumetokana na Martim Afonso de Sousa, gavana wa Wareno kule India miaka ya 1542 hadi 1545. Alikuwa na hakika kiasi kwamba alipokuwa akipima suti za wateja alikuwa anaongea kama gavana.

Ukweli wenyewe mfupi. Wareno waliiteka Goa mwaka 1510, na watu walipobatizwa walipewa majina ya Kireno, mara nyingi la padri aliyewabatiza au la msimamizi wa ubatizo. Padri mmoja angeweza kuacha kijiji kizima kinaitwa jina moja. Ndiyo maana wakina de Souza, Fernandes na Pereira wamejaa kama mawe ya Mwanza, na damu ya gavana haihusiki.

Ushauri kwa anayefuatilia Wagoa: usitafute jina, tafuta kijiji. Sisi kilichotusaidia ni kitabu cha sala cha bibi, ndani kuna kadi ya komunyo ya kwanza yenye jina la parokia. Binamu alipofika huko na jina la parokia mkononi, alikipata kitabu cha ubatizo siku ileile. Aliyemtangulia, ambaye alikwenda na jina la gavana, alikaa wiki mbili akarudi na korosho.

Mzee wa Butimba

Vijana, shikamooni zenu nimezipokea hata kama hamkuzitoa.

Mwanzisha uzi, habari ya afande wako imenikumbusha mwaka 1964. Serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai fedha walizokuwa wanadai tangu Vita Kuu ya Kwanza. Ofisi ya malipo ikafunguliwa hapa Mwanza. Inasimuliwa kwamba wazee walikuja wengi lakini wenye vyeti walikuwa wa kuhesabu, wengine wamekuja na kipande cha sare tu. Basi yule Mjerumani wa fedha akawa anampa kila mzee fagio, anamwamuru kwa Kijerumani: bega silaha, shusha silaha! Hakuna aliyekosea. Mimi nilikuwa mtoto, sikuwepo mlangoni, lakini baba alikuwa anatuigizia na fagio la chelewa hadi tunaumwa mbavu.

Kwa hiyo, Mabondo, waulize wazee wenu kama kuna mtu kwenu aliyekwenda kupanga foleni ile. Babu wako huenda alishatangulia, ila wenzake walikuwepo.

Jingine: usiuze pikipiki ukafuate faili lake la jeshi Ujerumani. Hifadhi ya jeshi iliyokuwa Potsdam iliungua kwa mabomu Aprili 1945, mengi yalikwisha. Anza na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kuna mafaili ya Wajerumani. Nenda na mtu anayesoma ule mwandiko wao wa zamani, maana ukiutazama utadhani kuku amepita. Na utafute "Muansa", wao waliandika hivyo. Majina waliyaandika kama walivyoyasikia, hivyo jaribu herufi zote: j badala ya y, sch badala ya sh.

Na majina hufupishwa. Yule Hans Cory aliyeandika sheria na mila za Wasukuma, alizaliwa Vienna akiitwa Koritschoner. Mjukuu anayetafuta Cory Vienna atamaliza soli.

Ng'wana Nassa

Samahani wakuu, lakini mimi naona mnajisumbua. Mmezaliwa huku, mnakula ugali na sangara, mnalia Kisukuma mkifiwa. Mturuki, Mwoman, Mreno wa nini? Anayetafuta babu wa mbali anawakimbia wa karibu.

Mkerewe wa Nansio

Ng'wana Nassa, taratibu. Sisi Ukerewe watawala wetu wa jadi walikuwa Wasilanga, na simulizi zetu wenyewe zinasema mtangulizi wao, Katobaha, alikuja kwa mitumbwi kutoka Ihangiro, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Na yeye alikuwa mgeni mwenye jina kubwa. Tofauti ni kwamba yeye alifika mapema, kabla ya mwenye kalamu. Ukimkata mgeni kwenye ukoo wowote wa ziwa hili utabaki na mawe na kambale.

Ng'wana Nassa

Wabeja. Hilo la kambale nimelikubali, mengine natafakari.

Dagaa wa Igombe

Mabondo, swali dogo. Je, alikuwa na chale usoni? Bibi yangu alimkumbuka mzee mmoja Mnubi wa Kirumba mwenye mistari mitatu kila shavu, watoto walikuwa wanamkimbia, na yeye anawatupia tende.

Mabondo Kirumba

Dagaa, nimesoma swali lako nikiwa kwa shangazi, nikamsomea kwa sauti. Amenyamaza kidogo. Kisha akapitisha vidole vitatu kwenye shavu lake, kuanzia sikioni kuja mdomoni, mara mbili, kama mtu anayejipaka mafuta. Kwetu hakuna aliyewahi kuniambia habari ya chale. Tafadhali njoo faragha, nataka kujua bibi yako alikaa mtaa gani.

Nikaona hapo ndipo pa kumwambia shangazi mengine yote: Sudani, Bombo, kisra, cheo. Amenisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema nisimchanganyie mambo, Idi ni wiki ijayo, nilete unga wa mtama kilo tano na bamia changa, na mkate utaitwa wa Kituruki kama alivyoukuta.