Dobson ya mm 200 juu ya paa, Tudor, Mombasa: Plössl ya 32 na Barlow, zoom, au jozi ya digrii 66?

PaaLaTudor

Salamu wenyeji. Darubini ni Dobson (bomba juu ya msingi unaosukumwa kwa mkono), kioo mm 200, urefu wa fokasi mm 1200, mara sita ya kioo, yaani f/6. Ilikuja na lenzi mbili za jicho za muundo wa kawaida uitwao Plössl, ya mm 25 na ya mm 10. Ya 25 sina ugomvi nayo. Ya 10 yanitesa: navaa miwani, na bila kugusisha jicho kwenye kioo huoni ila tundu dogo katikati. Bajeti shilingi 20,000. Nimebakiwa na njia tatu:

A) Plössl ya 32 pamoja na Barlow ya mara 2 (lenzi ya kati inayozidisha ukuzaji)
B) Zoom ya 8–24 (lenzi moja yenye mm zinazobadilika)
C) Zile zenye mstari wa dhahabu, uwanda (upana jicho linaouona) wa digrii 66, ya 9 na ya 6

Naangalia zaidi mwezi, Zohali na Mshtarii, na makundi ya nyota anga ikikubali. Mwaonaje?

FundiVioo

Tuanze na hesabu. Ukuzaji ni 1200 ugawanye kwa mm za lenzi.

Njia A yavutia karatasini. 32 yakupa mara 37, na Barlow yaigeuza 25 kuwa 12.5 (mara 96) na 10 kuwa 5 (mara 240). Lakini 12.5 na 10 zimekaribiana mno, hutazihitaji zote mbili. Na hiyo "5" ndani yake ni ile ile Plössl ya 10 inayokutesa. Katika Plössl, umbali ambao jicho laweza kukaa na bado likaona uwanda wote ni kama sehemu saba kwa kumi ya mm zake: 32 yakupa karibu mm 22, 25 karibu 18, na 10 mm 7 tu. Mwenye miwani hataki chini ya 15.

C: ya 9 ni mara 133, ya 6 ni mara 200, na zote mbili umbali wa jicho ni karibu mm 15. Angalia tu muuzaji asikubambikie ya 15 na ya 20 za familia hiyo hiyo. Muundo wake ni mwingine, na kwenye f/6 nyota za ukingoni huota mbawa.

BintiKizingo

Mimi nasema B. Fundi ahesabu kana kwamba hewa imesimama. Paa la zege la Tudor lashinda juani mchana kutwa, na joto lile hupanda mbele ya darubini mpaka kama saa nne usiku. Saa hizo mara 200 ni Zohali ndani ya uji unaochemka. Kwa zoom wazungusha shingo taratibu, wasimama pale sura inapokaa, mara 110, 130 au 150, bila kutoa lenzi gizani na kuiangusha. Kwa mwezi ndiyo raha yake hasa.

Ubaya wake ni kwamba uwanda huwa finyu kule unakoutaka mpana. Zoom nyingi kwenye 24 hutoa digrii 40 tu, na hufika 60 ukienda 8. Kwa hiyo Plössl yako ya 25 usiiuze. Na shingo ya zoom ya bei ndogo huwa na mchezo: ukibadilisha ukuzaji lazima ukoleze fokasi upya.

MkaaMtwapa

Kuna jambo hamjaligusa, na kwa Mombasa ndilo kubwa. Sisi tuko digrii 4 kusini ya ikweta. Sayari, mwezi, Nebula ya Orioni, vyote hupita juu sana. Nebula hiyo hupita kama digrii moja kutoka utosini, yaani juu kabisa ya kichwa. Na utosini ndipo Dobson huwa mkaidi. Bomba likisimama wima, ukilisukuma upande msingi hauzunguki, unakwama, kisha unaruka, na sayari imepotea. Pale lenzi bora ni ile inayokuacha bila kusukuma kwa muda mrefu.

Kitu kilicho karibu na ikweta ya anga (mstari ulio juu ya ikweta ya dunia) husogea dakika 15 za digrii kila dakika moja ya saa. Kikipita katikati ya uwanda, kutoka ukingo hadi ukingo ni hivi:

Plössl 10 (digrii 50): sekunde 100
Plössl 10 na Barlow: sekunde 50
Zoom kwenye 8: sekunde 96
Ya 9, digrii 66: karibu dakika 2
Ya 6, digrii 66: sekunde 80

Tazama ya kwanza na ya mwisho. Ya 6 hukuza mara 200, Plössl ya 10 mara 120, na tofauti ya muda ni sekunde 20 tu. Sekunde 50 za Barlow ni adhabu, maana Dobson ikishasukumwa hutaka sekunde tatu nne itulie. Bibie Kizingo asema kweli kuhusu hewa, lakini jibu lake ni kununua ya 9 kwanza, na ya 6 baadaye.

BintiKizingo

Hapo kwa utosini nimekubali. Kwa mwezi sijakubali.

FundiVioo

PaaLaTudor, miwani yako ni ya nini? Kama ni ya kuona mbali au karibu tu, ivue, fokasi italisawazisha jicho. Kama ni astigmatizimu (jicho lisilo duara sawa), fokasi haisaidii, lakini huonekana zaidi pale mwanga unapoingia jichoni ukiwa mpana. Upana huo ni mm za lenzi ugawanye kwa 6. Ya 25 ni mm 4.2, na hapo astigmatizimu hujitokeza waziwazi. Ya 6 ni mm 1, na wengi hapo hawaioni kabisa. Jaribu hivi: weka nyota moja angavu katikati bila miwani, koleza fokasi, kisha inamisha kichwa bega hadi bega. Kama mistari ya nyota yazunguka pamoja na kichwa, kosa ni la jicho. Ikibaki palepale, ni darubini, na huenda vioo havijalingana.

Laitihausi

Lenzi yoyote utakayoichagua, adui ni unyevu. Ukitoka nayo chumba chenye AC ya nyuzi 20 hadi paani, kioo huwa baridi kuliko hewa na hufunga ukungu papo hapo. Usiipanguse. Iache ndani ya boksi lililofungwa, nje, nusu saa, ndipo ufungue.

Ya kuhifadhi: boksi la plastiki lenye mpira wa kuziba, na silika jeli ile inayobadilika rangi. Ikishabadilika ioke kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili. Vikoba vya ngozi tupa, huhifadhi unyevu. Kila mwezi piga tochi upande wa kioo: ukiona nyuzi kama za buibui, ni kuvu, na ikishatafuna mipako ya kioo hairudi. Chumvi ya bahari pulizia kwanza kwa pampu ya mpira, kisha pamba iliyoloweshwa kidogo kwa alkoholi safi ya isopropili. Loweka pamba, si lenzi, maana kimiminika hupenya kwenye kingo na kubaki ndani.

Na ukinunua iliyokwisha kutumika, yakhe, angalia mambo mawili. Shingo iwe ya inchi 1.25, zile nyembamba za mm 24.5 zenye herufi H au SR ziache kwa watoto. Na ukikuta kijichujio cheusi cha kufungia kwenye lenzi ya jicho kilichoandikwa SUN, kivunje hapo hapo. Joto la jua hukipasua na jicho halipati nafasi ya kukwepa.

PaaLaTudor

Shukran nyote. Miwani ni ya kuona mbali tu, kumbe! Ya 9 naagiza. Je, 32 niiache kabisa?

MkaaMtwapa

Kwa Tudor iache. Ile 32 ya digrii 50 na lenzi nyingine ya 24, ya digrii 68, huonyesha anga sawa, karibu digrii 1.3, na Kilimia huingia zote mbili kwa kubanana. Tofauti ni mwanga wa nyuma: 32 hutoa mwanga wa upana wa mm 5.3, 24 hutoa mm 4, na chini ya taa za mji ile 32 huifanya anga kuwa kijivu. 24 hiyo bei yake yapita bajeti yako, basi kaa na 25 uliyonayo. Ukihamia Diani, mbali na taa hizi, hapo 32 nunua.