MREJESHO: Kadi ya mkopo yenye pointi za safari kwa anayeanza

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama anayeanza achukue kadi ya shirika moja la ndege, au ya benki ambayo pointi zake zinahamishika kwenda mashirika mengi.

Nilifuata ushauri wa wengi, nikachukua ya benki. Aliyesisitiza nisihamishe pointi mpaka nione kiti cha kulipia kwa pointi kiko wazi, Mungu akubariki sana. Pointi zikishahamia shirika la ndege hazirudi benki, na kiti nilichokitaka mwanzo kilichukuliwa wakati bado nalinganisha. Kwa kuwa pointi zilikuwa bado benki, nikazipeleka Flying Blue, mpango wa pointi wa mashirika ya ndege ya Air France na KLM, ambao hupokea pointi za kadi za Chase, American Express, Citi na Capital One za Marekani. Safari ya kwenda nikapata. Kodi na tozo nililipa mwenyewe.

Kurudi sikufanikiwa. Viti vya pointi havikuwepo kwa tarehe zangu, nikanunua tiketi ya kawaida.

Deni la kadi nalipa lote kila mwezi, maana riba ingemeza faida yote. Kadi ya pili mliyopendekeza nimeiweka kando kwanza. Asanteni sana, nyote mlionijibu.