Milima ya Taita: nahesabuje jamii ya Asclepiadaceae, na nitajuaje spishi ni ya huko tu?

Chiromo_Mimea:
Habari wanajukwaa. Naandaa orodha ya mimea ya iliyokuwa familia ya Asclepiadaceae, ile yenye utomvu na mbegu za sufi (sasa imo ndani ya familia ya Apocynaceae), kwenye Milima ya Taita, kusini mwa Kenya, nikitokea Nairobi. Niende mwezi gani? Yenye mashina manene inakaushwaje? Na nitathibitishaje kwamba spishi haipatikani kwingine?

LenziKumi:
Amua mpaka kwanza. Ukiishia misitu ya Ngangao, Mbololo na Chawia, utapata zaidi mitambazi kama Secamone na Tylophora, kisha utaandika kwamba familia ni haba. Jamaa za Ceropegia zimejaa chini, kwenye miamba na vichaka vikavu vya upande wa Voi, mita 600 hivi. Kilele cha Vuria kina mita 2,208. Andika mwinuko wa kila sampuli.

Nenda wiki chache baada ya mvua kushika, za masika au za vuli. Brachystelma hujificha ardhini kama kiazi kiangazi kizima. Agosti utaikanyaga bila kuiona.

Pia taja unafuata mfumo upi. Tangu 2017 wapo wanaoziingiza Caralluma, Huernia na Brachystelma ndani ya Ceropegia, kwa hiyo idadi ya jenasi (makundi ya spishi za karibu) inaweza kushuka bila mmea hata mmoja kupotea.

Magazeti_na_Kamba:
Shina nene ukilibana bichi halifi. Linaendelea kuishi ndani ya presi (kibanio cha kukaushia sampuli), linadondosha maua, kisha linaota ukungu. Lichovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja hivi, lipasue kwa urefu, ukwangue nyama ya ndani, ndipo ubane. Badilisha magazeti kila siku wiki ya kwanza. Maua usiyachemshe.

Maua mawili matatu yatie kwenye kichupa chenye spiriti ya asilimia 70. Taji la katikati ya ua likishabanwa halirudi umbo lake, na bila taji hutofautishi spishi. Lebo ya ndani iandikwe kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Andika palepale rangi ya ua, harufu, na kama utomvu ni mweupe au ni wa majimaji. Tunda lililokomaa lifunge uzi kabla halijapasuka, la sivyo sufi itapeperusha mbegu zote.

Utomvu usiguse macho, hasa wa Calotropis procera. Nawa mikono kabla ya kushika lenzi.

LenziKumi:
Kuhusu utambuzi: chomoa chavua kwa sindano, uangalie kwa lenzi ya mara kumi, au darubini ua likiwa dogo. Chavua hapa hukaa kwenye vifuko vilivyoshikwa na kishikizo kidogo, na idadi yake hukuonyesha familia ndogo. Vifuko viwili kwa kila kishikizo ni Asclepiadoideae. Vinne ni Secamonoideae. Chavua iliyokaa kwenye kitu kama kijiko ni Periplocoideae. Vifuko vikining'inia, anza na jamaa za Gomphocarpus. Vikisimama, tazama Marsdenia na Ceropegia.

Mteremko:
Swali la tatu ndilo gumu. Taita ni ncha ya kaskazini ya Tao la Mashariki (mlolongo wa milima ya Kenya na Tanzania), kwa hiyo mmea "wa Taita tu" mara nyingi unapatikana pia Pare au Usambara, Tanzania. Una bahati uko Nairobi: Hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Afrika Mashariki pale Makumbusho ya Taifa ilianzia Amani, Usambara, mwaka 1902, ikahamia Nairobi 1950. Pitia makabati ya jenasi nzima, siyo folda ya Kenya peke yake. Soma pia juzuu ya 2012 ya Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki inayohusu kundi hili.

Tenganisha ngazi tatu: ya Taita tu, ya Tao la Mashariki, ya Kenya tu. Watu huzichanganya, na orodha inanona bure. Lebo za zamani zisizo na mahali kamili usizikisie kwenye ramani. IUCN, shirika la kimataifa linalopanga madaraja ya hatari ya spishi kutoweka, hupima eneo kwa miraba ya kilomita 2 kwa 2, na nukta moja ya kubuni inaweza kubadilisha daraja la hatari.

Chiromo_Mimea:
Asanteni sana. Na vibali?

Mteremko:
NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) kwa utafiti, KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya) kwa misitu ya serikali. Kwenye mashamba ya watu, ruhusa ya mwenyewe. Spishi ikiwa na mimea michache tu mahali hapo, piga picha, chukua ua moja la kutia kwenye spiriti, kiazi ukiache ardhini.