Asmini imejaa majani, maua hakuna. Nimekosea wapi?

Ukuta_Mweupe
Wakuu, naomba msaada. Asmini iko ardhini, Tanga mjini, miaka miwili sasa. Imefika mita 2 na imeshika ukuta vizuri. Majani tele, ila matumba kumi kwa wiki ni bahati, na nusu yake huwa mekundu yakadondoka kabla ya kuchanua. Jua linaifikia saa 1 hadi saa 4 asubuhi, kisha mwembe wa jirani unaitia kivuli. Naweka urea kiganja kila wiki mbili, maji ya kisima kila siku. Haijawahi kukatwa. Majani machanga yana umanjano, mishipa imebaki kijani. Desemba kuna harusi na vikuba (vishada vya asmini na mrehani vya kuvaa) vinatakiwa vitoke hapa hapa nyumbani. Bado tuko Agosti, naamini muda upo.

Mkasi_Mkali
Anza na urea. Ina naitrojeni 46%, na kwa kipimo hicho mti unakimbilia majani na kamba ndefu. Acha kabisa kwa miezi miwili. La pili ni jua: asmini inataka saa 6 za jua la moja kwa moja, wewe unaipa 3. Ongea na jirani apunguze matawi ya upande wako. Hakuna mbolea inayoziba pengo la jua.

Sasa mkasi. Asmini huzaa maua kwenye ncha za machipukizi mapya. Ukikata tawi kuukuu linatoa matawi mawili au zaidi ya pembeni, na kila moja linaweza kubeba kishada chake. Mti wako una ncha chache, ndiyo maana matumba ni ya kuhesabu. Toa kwanza yaliyokauka, yanayosuguana na membamba kama njiti. Kisha punguza yaliyobaki theluthi moja hadi nusu, ukikata nusu sentimita juu ya kifundo cha majani. Futa mkasi kwa spiriti kabla ya kuanza. Kwenye joto, maua huja wiki 6 hadi 8 baada ya kukata.

Kwa Desemba: kata sasa, halafu katikati ya Oktoba kata tena kidogo, ncha tu, jozi mbili za majani. Ukikata Novemba mwishoni, harusi itakukuta na machipukizi matupu.

Shamba_la_Babu
Theluthi ni kubembeleza. Kata hadi magotini, nyoa majani yote, mwaga ndoo ya majivu shinani. Potasiamu ya bure hiyo, maua yatakuja yenyewe.

Mkasi_Mkali
Kukata hadi magotini kunafaa mti wenye afya ulio kwenye jua kamili. Huu una majani ya manjano na kivuli. Ukiunyang'anya majani yote kwa mkupuo, utapata wapi nguvu ya kuchipua? Theluthi sasa, iliyobaki baada ya harusi.

Chokaa_na_Mchanga
Na majivu HAPANA. Manjano yenye mishipa ya kijani kwenye majani machanga ni njaa ya chuma. Pwani yetu udongo mwingi una matumbawe, na shinani mwa ukuta huongezeka mabaki ya saruji na plasta. Chokaa ikizidi, chuma kinajifunga udongoni hata kama kipo, mizizi haikipati. Majivu nayo yanapandisha pH, yaani yanaupunguzia udongo uchachu, kwa hiyo unauongeza ugonjwa uleule. Potasiamu chukua kwenye salfeti ya potasiamu, kijiko kimoja cha chakula kwa mti kila wiki 6, udongo ukiwa na unyevu.

Pima hivi: chukua udongo mkavu wa kina cha sentimita 15, mwagia siki. Ukitoa povu, chokaa ipo. Basi usimwage salfeti ya chuma ardhini, itafungwa vilevile. Inyunyize majanini: gramu 5 kwa lita 1 ya maji, jioni jua likishapoa, kila wiki mbili mara tatu. Jaribu tawi moja kwanza, ikikolea inaunguza. Ukipata cheleti ya chuma (chuma kilichoshikwa na kemikali ili udongo usikifunge) aina ya EDDHA, hiyo inafaa kumwagwa udongoni. Ya EDTA kwenye chokaa haidumu. Jani lililokwisha kuwa manjano sana huenda lisirudi, angalia yanayochipua.

Shinani weka nusu debe la samadi iliyooza, sentimita 30 kutoka kwenye shina, isiguse gome. Na maji ya kisima yaonje. Yakiwa na chumvi, ncha za majani makuukuu huungua kahawia. Hapo kinga maji ya mvua, au mwagilia kwa wingi mara mbili kwa wiki badala ya kidogo kila siku, chumvi iteremke chini.

Ukuta_Mweupe
Siki imetoa povu haswa! Maji hayana chumvi. Matumba mekundu je, nayo ni chuma?

Wadudu_Wangu
Hayo ni jambo jingine. Pasua matumba matano kwa wembe. Ukikuta vifunza vidogo vyeupe na kitako cha tumba kimevimba, ni mabuu ya kijinzi mdogo kama usubi anayetaga ndani ya tumba changa. Ukikuta tundu, kinyesi cheusi na utando unaounganisha matumba, ni kiwavi. Ndani pakiwa safi, shuku maji: udongo ukikauka kabisa kisha ukafurikishwa, mti hutupa matumba.

Kwa kifunza dawa ya kunyunyiza haifiki ndani. Okota kila siku matumba yaliyoanguka, yachume na yaliyovimba, funga kwenye mfuko mweusi uuanike juani siku tatu. Usiyatupe kwenye mboji, maana mabuu hushuka udongoni kugeuka. Kwa kiwavi nyunyiza mafuta ya mwarobaini mapema, matumba yakiwa kama punje ya mchele: mililita 5 kwa lita 1 ya maji na matone machache ya sabuni ya maji, jioni, kila siku 7. Simamisha wiki moja kabla ya kuchuma. Kikuba kinachonuka mwarobaini hakuna bibi harusi atakayekivaa.

Ukuta_Mweupe
Nimepasua sita, manne yana vifunza. Naanza kuokota leo. Siku yenyewe nichume saa ngapi?

Bi_Mrehani
Saa 10 hadi 11 jioni, tumba likiwa jeupe lote, limenenepa, bado limefumba. La kijani liache, likichumwa mapema halichanui. Tunga hapohapo, sindano nyembamba ipite kwenye kikonyo, siyo kwenye petali. Funika kwa jani la mgomba au kitambaa kibichi kilichokamuliwa, usilowanishe majini, yanageuka kahawia. Giza likiingia yatafunguka kwenye uzi. Mrehani tia mwisho, unanyauka haraka kuliko asmini.