Kujiona mwanamume baada ya kuondolewa tezi dume

Swali
Ndugu zangu, ninaishi na mwanamume mwenzangu, na mwaka jana niliondolewa tezi dume kwa sababu ya saratani. Vipimo vya PSA, vile vya damu vinavyofuatilia saratani hii, vimetulia, nami nashukuru kuwa hai. Hata hivyo, tangu nguvu za kiume zipungue na manii yakome kutoka, hubadili nguo gizani, na mwenzangu akinishika bega hujifanya nimelala. Daktari aliniuliza iwapo mke wangu anaridhika. Nikatikisa kichwa tu, na mazungumzo yakaishia hapo. Waliopitia haya walirudije kujithamini?

Jibu la kwanza
Pole sana, kaka. Kwetu sisi jambo hili lina uchungu wa pekee, kwa kuwa unalala kando ya mwanamume ambaye mwili wake unafanya kila kitu ambacho wako umekataa, na ni vigumu kutojilinganisha naye. Manii hayatarudi, maana tezi dume na vifuko vya manii, vilivyotengeneza sehemu kubwa ya majimaji hayo, vimeondolewa. Lakini kufika kileleni kunawezekana hata uume usiposimama. Neva zinazousimamisha hupita ubavuni mwa tezi, na kama hazikukatwa, huenda zikachukua hata miaka miwili kupata nafuu. Kwangu aibu ilianza kupungua nilipoacha kumficha mwenzangu pedi za mkojo unaovuja baada ya upasuaji.

Jibu la pili
Naomba umweleze daktari ukweli ikiwa ni salama kwako kufanya hivyo, au umtafute mwingine unayemwamini, kwa sababu ushauri wenyewe hubadilika. Anayeingiza kwa njia ya nyuma huhitaji uume mgumu zaidi kuliko anayelala na mwanamke, na anayeingiziwa amepoteza tezi iliyompa raha, tena hana budi kuuliza asubiri hadi lini ndani papone. Ukiandikiwa sildenafil (Viagra), dawa ya kusaidia uume usimame, usiichanganye kamwe na vile vichupa vya kunusa vyenye naitriti, kwani shinikizo la damu linaweza kushuka kwa kiwango cha kuua.

Jibu la tatu
Mimi huvutiwa na wanaume na wanawake, na tiba ya homoni ilinipunguzia hamu kwa wote, ikanijazia matiti. Nilimwambia mpenzi wangu waziwazi kwamba ni dawa inayoshusha testosteroni, wala si yeye aliyenichosha. Mwenzako huenda anadhani umemchoka, kaka, mwambie leo.